Mama, usitume kwanza: namna ya kuitambua kazi ya uongo pesa ikiwa bado mkononi

Kabine yangu, kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, iko Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye kona ambapo taksibasi zinageuza kurudi mjini. Ina meza moja, mwavuli mmoja na simu tatu: ya M-Pesa, ya Airtel Money na ya Orange Money. Nyuma yangu kuna mashine ya fotokopi, inayofanya kazi siku ambazo umeme upo. Nina miaka tisa hapo. Anayetafuta kazi huona barua, muhuri na jina la kampuni. Mimi naona pesa inakwenda kwa nani.

Naandika kwanza kwa akina mama, na kwa kaka na yaya (dada wakubwa) wenye kipato kidogo. Kijana asiye na kazi hana dola 40, na matapeli wanalijua hilo. Wakimwandikia kijana, pesa wanayoiwinda iko kwa mama anayeuza unga kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, au kwa mjomba anayelinda duka usiku. Wewe unayeombwa pesa ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuuzuia wizi huu, na mara nyingi una dakika kumi tu za kufanya hivyo.

Mimi sikuuzuia. Mwaka 2021 mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa amemaliza ufundi umeme na kupata diploma ya Serikali. Aliacha dosye, yaani faili la maombi, kila mahali, akaweka CV yake hata kwenye vikundi vya WhatsApp vya kutafuta kazi. Jioni moja akaja mbio, simu mkononi. “Mama, baliniita!” Yaani, wameniita. Ilikuwa barua yenye nembo ya kampuni kubwa ya madini ya upande wa Lualaba, mihuri miwili, na majina yake matatu yote bila kosa. Mshahara dola 850 kwa mwezi, pamoja na nyumba na chakula. Walitaka dola 15 za kufungua dosye. Siku nne baadaye wakataka dola 45 za vipimo vya daktari. Wiki iliyofuata wakataka dola 80 za beji, viatu vya usalama na mafunzo ya kuingia mgodini. Kisha wakamwambia asubiri kwenye kituo cha mafuta, barabara ya Likasi, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na begi lake, basi litapita kuwapeleka Kolwezi, huko Lualaba.

Alisimama hapo hadi saa tatu. Hakuwa peke yake: walikuwa vijana kumi na wawili, kila mmoja na begi, kila mmoja na barua ileile. Walianza kuonyeshana simu zao jua lilipokuwa limeshatoka.

Dola 140 zile nilizituma kwa kidole changu mwenyewe. Tena mara ya kwanza tu, jina lililotokea kwenye ujumbe wa uthibitisho lilikuwa la mwanamke, wakati barua ilisainiwa na mwanamume. Niliona. Nikajiambia labda ni karani wake. Nilitamani sana mtoto apate kazi, na tamaa hiyo ilinijibia maswali yote kabla sijayauliza.

Angalia hesabu ilivyopangwa: 15, 45, 80. Hawaanzi na kiasi kikubwa. Kile kidogo cha kwanza ni cha kukupima kama unalipa. Cha pili kinaombwa ukiwa umeshamwambia jirani kwamba mtoto amepata kazi. Cha tatu unakilipa kwa sababu hutaki vile viwili vipotee. Ukisikia ada ya pili ambayo haikutajwa siku ya kwanza, simama hapo hapo. Kilichokwenda kimekwenda, cha pili bado ni chako.

Maswali ninayouliza mezani

Tangu mwaka ule, mama akija na karatasi yenye namba na kusema ni pesa ya kazi ya mtoto, sibonyezi kitu kabla sijauliza mambo matatu. Wateja wengine hukasirika na kwenda kabine ya jirani. Nimewazoea.

Nauliza kwanza: namba hii ni ya nani? Kampuni yenye biro (ofisi), magari na wafanyakazi mia haikusanyi pesa kwenye simu ya mtu binafsi. Na jina likitokea ambalo halifanani na la shefu aliyesaini barua, usimtafutie sababu kama nilivyofanya mimi.

La pili: mwisho wa kulipa ni lini? Karibu kila mara jibu ni leo, kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Haraka hiyo imewekwa makusudi, ili usipate muda wa kumuuliza mtu yeyote. Kampuni inayotaka fundi umeme wa kufanya naye kazi miaka mitano haiwezi kumkosa kwa sababu mama yake alichelewa saa mbili.

La tatu ndilo ninalolitegemea zaidi, na ukitaka unaweza kulifanya mwenyewe bila mimi. Mpigie huyo mtu mbele yangu, uweke sauti ya nje, umwambie: “Baba, pesa ninayo mkononi, niko tayari kuileta mwenyewe biro. Mnipe risiti yenye muhuri.” Kisha nyamaza umsikilize. Mwenye biro atakuambia barabara, mlango na saa, au atashangaa na kusema hawaombi pesa. Tapeli atasema shefu yuko safarini, biro inahama, kuingia mgodini kunahitaji kibali, watu wengi watakuona na wivu. Wengine huanza kufoka. Ukipenda, ongeza: “Basi mkate kwenye mshahara wake wa kwanza.” Si kwamba ukubali kukatwa, nia ni usikie atakavyojibu. Anayejua kwamba mshahara wa kwanza hautakuwepo hawezi kulikubali hilo.

Matabishi

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisema waziwazi. Uongo huu unaaminika kwetu kwa sababu sisi wenyewe tumezoea kwamba kazi hununuliwa. Utasikia: “Bila matabishi huingii”, yaani bila pesa ya chini ya meza. Kwa hiyo tapeli akiomba dola 100 za kumpa shefu soda, mama haoni ajabu; anaona ndivyo dunia ilivyo, na anashukuru kwamba angalau mwanawe amepata mlango.

Fikiria vizuri, mama. Mtu anayekuuzia nafasi hakupi risiti, na hawezi kukupa. Kama ni tapeli, pesa imekwenda. Kama kweli yuko ndani, kesho anaweza kuiuza nafasi ileile kwa mwingine mwenye 150, na wewe utamshtaki wapi, useme ulikwenda kununua kazi? Mimi nimeamua: ikitajwa pesa ya kuingilia, simtumii mtu, hata kama ni mpwa wa mchungaji wetu.

Kuna pia ule mtindo wa mtihani. Tangazo linabandikwa ukutani, mtihani Jumamosi kwenye ukumbi wa shule uliokodiwa, dola 5 tu za kushiriki. Wakija vijana 200, hizo ni dola 1,000 kwa asubuhi moja. Karatasi za mtihani hazisahihishwi kamwe. Kwa sababu dola 5 ni kidogo, hakuna anayekwenda polisi.

Kuichunguza barua

Kwetu simu ya ghafla inaweza kuwa ya kweli. Wakandarasi wanaofanyia migodi kazi huita watu kwa simu, leo kwa kesho, na wengine wadogo hutumia anwani za Gmail. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba Gmail peke yake ni ushahidi. Ninachokuambia ni kwamba usitumie namba iliyo kwenye barua kuichunguza barua hiyohiyo, maana atapokea yuleyule. Tafuta njia nyingine ya kufika kwenye kampuni: tovuti yao wenyewe, jirani anayefanya kazi huko, au nenda kwa miguu hadi kwenye lango umuulize mlinzi. Mlinzi wa lango anajua kama wiki hii wanapokea watu. Nauli ya taksibasi ni ndogo kuliko ada yoyote watakayokuomba.

Kwenye anwani ya barua pepe, angalia kilicho baada ya alama ya @, na usome hadi mwisho. UNICEF wanatumia unicef.org. Ukiona jina la UNICEF limeunganishwa kwa kistari na neno jingine, kisha .com, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine iliyopakwa rangi ileile. Na kuhusu Umoja wa Mataifa, shika hili: wametangaza kwamba hawatozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe kuomba, usaili, kushughulikia dosye au mafunzo. Mtu akikuomba hata faranga 5,000 kwa jina lao, mazungumzo yameisha.

Kampuni iliyosajiliwa Kongo ina namba ya RCCM (daftari la biashara), namba ya Id. Nat. (kitambulisho cha kitaifa cha kampuni) na namba ya kodi, na kwa kawaida huziandika chini ya barua. Matapeli nao huzinakili kutoka kampuni ya kweli, basi kuziona hakutoshi. Lakini zisipokuwepo kabisa, una sababu ya kuuliza. RCCM inaweza kuulizwa kwenye Guichet unique, ofisi ya Serikali ya kusajili kampuni, au kwenye mahakama ya biashara. Kuna pia ONEM, ofisi ya Serikali ya ajira, ambako kijana anajiandikisha kama mtafuta kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka kontra (mkataba) ya maandishi ipelekwe ONEM kupigwa visa, yaani muhuri wa kuidhinisha. Kwa hiyo mwajiri anayekuambia kontra itakuja baadaye, muulize ni lini itapelekwa ONEM, uone uso wake. Sheria hiyohiyo imeweka kikomo cha majaribio: mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Anayemfanyisha kibarua “majaribio” kwa miezi minne bila malipo anamwibia jasho, hata kama hakumwomba senti.

Vitu vingine wanavyochukua zaidi ya pesa

Niko na mashine ya fotokopi, kwa hiyo hili naliona kila siku. Vijana hupiga picha kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na kuirusha WhatsApp kwa mtu wasiyemjua. Picha hiyo inaweza kutumiwa kusajili namba ya simu kwa jina la mwanao, na namba hiyo ikatumika kuwaibia wengine. Kabla ya kuituma popote, tengeneza fotokopi, andika juu yake kwa kalamu, ukikatiza katikati ya karatasi: “Ya kuombea kazi kwa kampuni fulani tu”, na tarehe. Kisha piga picha fotokopi hiyo. Mimi nawapa kalamu bure.

Wakikuomba namba sita zilizoingia kwenye simu yako “ili kuthibitisha dosye”, usizitoe. Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, saa hiyohiyo shangazi zako wote wataanza kupokea ujumbe wenye jina lako ukiomba pesa ya hospitali.

Mabinti wetu. Usaili unafanyika kwenye biro, mchana, mlango ukifunguka kwa watu wengine. Haufanyiki kwenye chumba cha hoteli wala jioni baada ya watu kuondoka, na hakuna kazi ya ukarani inayohitaji picha za mwili mzima. Binti akiitwa, aende na mtu. Yule anayemsindikiza aketi nje. Mwajiri wa kweli hatajali. Anayejali, binti arudi nyumbani.

Siku hizi kuna pia kazi za simuni: bonyeza video, ulipwe. Siku ya kwanza wanakulipa kweli, dola 2 au 3. Kisha wanakuambia uweke dola 20 ili upande daraja. Ukishaona kazi inayokutaka uweke pesa yako ndani, fahamu kwamba zile dola 3 zilikuwa chambo.

Kazi za ng'ambo

Hapa makosa hayaishii kwenye pesa. Kwa Dubai: sheria ya huko hairuhusu mtu kufanya kazi kwa visa ya matembezi. Wakala akikuambia “ingia na visa ya matembezi, utabadilishiwa huko”, anakutuma ukawe mtu asiye na haki ya kulalamika. Kwa Kanada: mwajiri anayehitaji kibali cha kuleta mfanyakazi kutoka nje, kile wanachokiita LMIA, hulipa mwenyewe dola 1,000 za Kanada, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi gharama hiyo. Kwa hiyo mtu wa hapa Lubumbashi anayekuuzia LMIA anakuuzia kitu ambacho sheria inakataza uuziwe.

Na kuna Asia. Vijana kutoka nchi nyingi, wakiwemo Waafrika, waliahidiwa kazi za kompyuta Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wanalazimishwa kutapeli watu kwenye mtandao, na wanapigwa wakikataa. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa hivyo Myanmar, na wengine karibu 100,000 Kambodia. Waliingia kwenye ndege kwa furaha, kama sisi tulivyofurahia barua ya mtoto wetu. Kijana akiahidiwa kazi ya mbali bila mtu kumuuliza anajua nini, na tiketi ikatumwa bure, usilifurahie hilo. Pasipoti yake isikae kwa mtu mwingine hata siku moja.

Ilivyokuwa ilipokuja ya kweli

Mtoto wangu alipata kazi mwaka 2023, kwa mkandarasi wa kufunga nyaya. Nayo ilianza na simu kutoka namba asiyoijua, ndiyo maana nataka uone tofauti. Walimwambia aje biro na diploma yenyewe, si picha. Fundi mzee akampa kisanduku cha fyuzi na bisibisi, akamwangalia kwa nusu saa. Wakamtuma kwa daktari na karatasi ya kampuni, hakulipa. Kofia na viatu alivikuta vimepangwa stoo, akachagua saizi. Mshahara ulikuwa mdogo sana kuliko zile 850. Jioni akanipigia: “Mama, hawajaniomba kitu. Ni ya kweli?” Aliuliza kwa woga. Ndivyo wizi ule ulivyomwacha: ilibidi mtu amhakikishie kwamba kazi ya kweli haidai.

Kama umeshatuma

Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotuma nao dakika hiyohiyo, au mrudie mtu wa kabine aliyekutumia, ukiwa na ujumbe wa uthibitisho. Kama pesa haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia; ikishatolewa, nafasi hiyo ni ndogo sana. Usimtukane tapeli. Ukimtukana atajua umeshtuka, atafuta ujumbe wote na kuzima namba. Piga picha za mazungumzo, za barua, za jina lililotokea, kisha nenda polisi au kwa mwendesha mashtaka. Kosa hili lina jina katika sheria yetu ya adhabu, escroquerie, kifungu cha 98, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Mkipeleka malalamiko watu kumi na wawili kwa pamoja mtasikilizwa tofauti na mmoja. Wale vijana wa kituo cha mafuta walitawanyika kwa aibu bila kuandikiana namba, na hilo nalijutia hadi leo.

Baada ya wiki chache anaweza kukupigia mtu mwenye sauti ya upole, aseme ni wakili au ofisa, na kwamba pesa yako imepatikana, ila kuna dola 20 za kuitoa. Ni walewale, au wenzao waliouziwa namba yako.

Na usimseme mtoto mbele za watu. Kijana wangu alikaa miezi miwili hataki kutuma dosye popote.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na dola 45 amezifunga kwenye kona ya kitenge. Za vipimo vya daktari, kwa mwanawe wa kiume. Nikamketisha kwenye stuli, tukapiga, sauti ya nje. Akasema maneno niliyomfundisha, kwamba analeta pesa mwenyewe. Yule mtu akauliza nani yuko naye hapo. Mama akajibu kwa utulivu: “Niko na mama wa kabine.” Simu ikakatwa. Tulipiga tena mara tatu, haikupokelewa. Alikaa kimya kidogo, akazifunga zile dola upya kwenye kitenge, akavuka barabara kwa muuza unga, akanunua mfuko mmoja, akapanda taksibasi nao.